Miwani ya Mama Haitoki Birmingham

Kila Desemba ikikaribia, kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa huku Birmingham hupita ombi lile lile: mwenye miwani asiyoitumia asiitupe, kuna mtu anasafiri, apewe akawagawie wazee nyumbani. Nia ni njema na najua inakotoka. Huku watu hupimwa macho kila baada ya miaka miwili hivi, droo zimejaa fremu ambazo bado ni nzima, na kule kuna mama anayemwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano.

Hata hivyo, ndugu zangu, naomba tuache. Miwani hutengenezwa kwa macho ya mtu mmoja, tena kila jicho kwa kipimo chake. Mwaka 2012 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchambuzi wao wa miwani zilizochangwa kwa ajili ya nchi maskini: ni 7% tu zilizofaa kutumika. IAPB, shirika la kimataifa linaloshughulikia kuzuia upofu, linashauri wazi kwamba miwani za mitumba za namna hiyo zisipokewe wala zisigawiwe. Mzee akivaa miwani ya mwenye jicho lililopinda kwa namna nyingine, kichwa kitamuuma, sakafu ataiona imeinama, na mwisho ataamini kwamba miwani kwa jumla hazimfai.

Nianze na huku, kwa sababu kuna jambo ambalo Waingereza wanalifanya vizuri. Kabla ya kuzungumza fremu, unapimwa. Unaingia chumba chenye mwanga hafifu, mtaalamu anakuvalisha fremu nzito ya majaribio, kisha anaingiza na kutoa vioo kimoja kimoja huku akikuuliza herufi zinasomeka vizuri zaidi hivi, au hivi. Halafu anamulika ndani ya jicho aone mishipa na neva ilivyo. Ukimaliza anakupa karatasi ya vipimo. Tangu mwaka 1989 sheria inamlazimu akupe hapo hapo, ununue kwake au usinunue. Karatasi ni yako, unaweza kwenda nayo duka lolote.

Na karatasi hiyo inasomeka Birmingham, Mombasa na Muscat bila tofauti. Namba yenye alama ya kutoa ni ya mtu asiyeona vizuri mbali. Yenye alama ya kujumlisha kwa kawaida ni ya yule ambaye jicho lake linalazimika kujikaza, hasa kwa vitu vya karibu. Safu mbili zinazofuata zinahusu astigmatizimu, yaani uso wa jicho kutoviringana sawasawa. Iliyoandikwa ADD ni nyongeza ya karibu, ile tunayoanza kuihitaji tukifika kwenye miaka 40, pale lenzi ya ndani ya jicho inapokakamaa. Wengi wetu huichukua karatasi hii tukatengeneze miwani nyumbani wakati wa likizo kwa bei nafuu, na sioni ubaya. Ila mwombe anayekupima akuandikie pia umbali kati ya mboni mbili, kwa maana sheria ya huku haimlazimishi kuuandika. Kama lenzi zako ni kali, au ni zile zenye nguvu kadhaa ndani ya kioo kimoja, umbali huo ukikosewa utaona vibaya hata kama namba nyingine zote ni sahihi.

Ukitoka chumba cha kupimwa unafika kwenye meza ya mauzo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Utaambiwa uongeze kinga ya mwanga wa buluu wa kompyuta, ilhali mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho. Utashawishiwa lenzi zinazogeuka nyeusi juani. Ni nzuri, lakini joto huzipunguzia uwezo wa kuwa nyeusi, kwa hiyo ile iliyokufurahisha Birmingham mwezi wa Februari itafifia zaidi saa saba mchana Tanga. Ndani ya gari nyingi hazigeuki vya kutosha, maana kioo cha mbele huzuia miale inayozigeuza. Dereva anunue miwani ya jua ya kawaida, yenye kipimo chake.

Sasa twende Tanga. Mama yangu ni fundi cherehani, hushona sare za shule. Miwani yake ya kwanza aliinunua stendi, kwa muuzaji mwenye ubao uliojaa miwani za kusomea. Alipewa ya +3.00 kwa sababu herufi za gazeti zilikuwa kubwa na nyeusi kuliko kwenye nyingine zote. Gazetini ilifaa. Kwenye cherehani alilazimika kuinama mpaka pua inakaribia kitambaa, na jioni mgongo unamuuma.

Hesabu yake si ngumu. Gawanya mita moja kwa namba ya lenzi, utapata umbali ambao mtu mzima asiye na tatizo la mbali ataona vizuri zaidi. Kwa +3.00 ni sentimita 33. Kwa +2.50 ni 40, mahali ambapo watu wengi hushikilia kitabu. Nilipompeleka kliniki ya macho ya hospitali, dada aliyempima alimuuliza swali ambalo mimi huku sijawahi kuulizwa.

"Mama, shikamoo. Ukikaa kwenye cherehani, sindano iko mbali kiasi gani na macho yako?"

"Marahaba, mwanangu." Mama akavuta tepu iliyokuwa shingoni, akakaa kama yuko kazini, akapima kutoka usoni hadi kwenye sindano ambayo haikuwepo. "Nusu mita."

Akaandikiwa +2.00, lenzi ya nguvu moja. Siku hizi anashona mgongo ukiwa wima, na Msahafu anausogeza mbele kidogo juu ya marufaa. Mtu angeweza kumuuzia lenzi za gharama mara kumi asipate nafuu ile.

Wa stendi simlaumu. Miwani za kusomea zilizo tayari zinauzwa hata huku Uingereza, kwenye maduka ya dawa na supamaketi, bila kupimwa. Kwa mtu wa miaka 45 ambaye macho yake mawili yanalingana na mbali anaona vizuri, zinatosha. Na uhitaji ni mkubwa: utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta zaidi ya nusu ya watu wa miaka 40 na kuendelea hawaoni vizuri karibu, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Faida nayo imepimwa. Kwenye mashamba ya chai ya Assam, India, wachumaji wa miaka 40 kwenda juu waliopewa miwani ya karibu walizidisha uchumaji kwa takriban 22% kuwashinda wenzao ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018.

Kwa hiyo chagua kwa kazi. Mwalimu anayeinua macho ubaoni na kuyashusha kwenye daftari kutwa nzima atasaidiwa na lenzi ya sehemu mbili, au ile ya nguvu inayobadilika taratibu kutoka juu hadi chini. Mzee anayetembea kwenye mitaro na ngazi zisizolingana, mimi nisingempa hiyo ya kutembelea, kwa kuwa sehemu ya chini humfanya aione ardhi kwa ukungu pale pale anapotaka kukanyaga. Bora awe na miwani mbili. Fundi wa kuchomelea na mtoto wa shule wapewe lenzi za polikaboneti, ambazo hazivunjiki ovyo.

Kitu kimoja muuzaji wa stendi hawezi kukupa ni ule mwanga wa ndani ya jicho. Huo ndio unaosaidia kugundua presha ya macho, ambayo kwa kawaida haiumi. Hula uoni wa pembeni kwanza, na sisi watu weusi tuna hatari kubwa zaidi, tena huanza mapema. Mzee anaweza kubadilisha miwani za kusomea miaka nenda rudi huku neva ikifa, na kilichopotea hakirudi. Ndiyo maana pesa ya kumlipia usafiri na kipimo, iwe KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam au kliniki ya macho iliyo karibu naye, ina maana kuliko begi zima la fremu za watu.

Na majibu yake yanakuhusu wewe uliye huku. England, mtu wa miaka 40 au zaidi ambaye mzazi, ndugu wa kuzaliwa naye au mtoto wake ana presha ya macho hupimwa bure na NHS. Scotland kipimo ni bure kwa wote tangu mwaka 2006. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, uliza kama kuna aliyewahi kuambiwa ana ugonjwa huo, kisha mwambie mpimaji wako jibu hilo kabla hajaanza kazi.