Kutoka Nakawa Hadi Kilima cha Nabugoye

Msafiri aondokaye Kampala kuelekea mashariki kwa Barabara ya Jinja hana budi kupita Nakawa. Hapo liko soko maarufu lenye mafungu ya nyanya, mikungu ya matoke na kelele za wachuuzi. Jirani yake ni kilima cha Naguru, yalipo makao makuu ya Polisi. Nyumba za wafanyakazi zilizojengwa zama za ukoloni hazipo tena. Zilibomolewa mwaka 2011. Siku ya Jumamosi wanunuzi hujaa sokoni.

Lakini mbele katika njia hiyo hiyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, wako raia wa Uganda ambao Jumamosi hawauzi, hawanunui, wala hawawashi moto. Huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi, na sinagogi lao kuu liko katika kilima cha Nabugoye, karibu na mji wa Mbale. Dini hiyo hawakuletewa na mhubiri wa Kiyahudi. Waliipata katika Biblia ya wamisionari wa Kikristo.

Ni Biblia ya Kiganda, iliyokamilika mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta. Ilichapwa nene na fupi ipate kuenea katika kopo la biskuti, mchwa wasiitafune. Mwaka uliofuata Pilkington aliuawa huko Busoga, katika maasi ya askari wa Kisudani.

Miongoni mwa waliojifunza kusoma kwa wamisionari alikuwamo askari shupavu, Semei Kakungulu. Aliwatekea Waingereza nchi za mashariki, akitumaini kutawazwa huko kuwa mfalme. Hakutawazwa. Kwa uchungu alijitenga nao, akaingia katika madhehebu ya Bamalaki, waliokataa dawa za hospitali na kuishika Jumamosi. Kila alipovifunua vitabu vitano vya Musa, alikutana na amri ya tohara. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Bamalaki walipomwambia kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba basi tangu siku hiyo yeye na watu wake ni Wayahudi.

Pengine hiyo ndiyo tabia ya askari: amri iliyoandikwa hutiiwa mpaka ije nyingine ya kuitangua. Mkristo angemjibu kwamba imekwisha kutanguliwa katika Agano Jipya, na hapo ndipo ilipo njia panda. Nyuma ya njia panda hiyo barabara ni moja. Wote husoma Mwanzo na Kutoka, wote huomba kwa Zaburi. Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane, na alisoma chuo cha nabii Isaya katika sinagogi siku ya Sabato. Hata Abayudaya hawakuachana na ubatizo mara moja, mpaka Myahudi mgeni, Yosefu, alipokaa nao kwa miezi kadhaa mnamo mwaka 1920, akawafundisha kalenda na namna ya kuchinja.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Katika utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi walibadili dini. Wachache waliobaki walisali kwa siri.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikombolewa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Jioni ya siku hiyo hiyo iliingia Pasaka ya Kiyahudi, ukumbusho wa kutoka utumwani Misri. Jumapili, tarehe 15, Wakristo nao waliadhimisha Pasaka yao. Jina ni moja, kwa kuwa Yesu aliteswa na kufa wakati wa sikukuu hiyo ya Musa. Majeshi yakashika njia ya mashariki, na tarehe 22 yaliingia Jinja.

Siku hizi, Nabugoye, ibada huendeshwa kwa Kiebrania na Kiganda. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi nchini Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Katika shule yenye jina la Kakungulu, watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu huketi darasa moja.

Mwana wa Nabugoye afanyaye kazi Kampala, akitaka kuswali kwao, inampasa kuipita Nakawa mapema siku ya Ijumaa. Sabato huingia jua linapotua, na msongamano wa magari pale sokoni haumngoji mtu.