Hema yetu, kutoka Goma hadi Idjwi

Tangu turudi kutoka Idjwi, wamama wa vikundi vingine wanatusimamisha njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Wote wanauliza jambo moja: ile hema mliyoipakia juu ya chukudu ni ya namna gani, na ni kweli inasimama mbio? Tumeona afadhali tuandike mara moja, kila mmoja asome kwake kwa utulivu.

Wengine wametucheka kwamba sasa tunafanya utalii kama wazungu waliokuwa wakipanda Nyiragongo. Kupumzika tulipumzika, hatukatai, na watoto walifurahi. Lakini hema hii tulianza kuitafuta kwa sababu ya Mei 2021. Volkano ilitoa moto jioni ya tarehe 22, na asubuhi ya tarehe 27 gavana akaamuru kartiye 10 za mji wa Goma zihame. Mnaikumbuka barabara ya Sake siku ile: magodoro kichwani, watoto mgongoni, magari yamesongamana. Waliofika mapema walipata nafasi ndani ya makanisa na mashule. Waliochelewa walilala nje, na anayechelewa siku zote ni mama mwenye watoto wengi wadogo. Mmoja wetu alikesha ameshika ncha mbili za kitenge juu ya mapacha wake ili mvua isiwapige usoni. Ndipo katika likelemba yetu tukaweka sanduku la pembeni: kila mama aongeze kidogo kila mwezi, mpaka hema ipatikane.

Siku ya kununua tulizunguka maduka tangu asubuhi. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ni ile inayojirusha. Unaitoa mfukoni, unaitupa mbele yako, nayo inafunguka na kusimama kabla hujamaliza kusema jina lake. Watoto waliokuwa pale walipiga makofi. Tukamwomba kijana wa duka aikunje tena. Alitoka jasho. Aliikanyaga, akaipinda, ikamruka usoni, na mwisho akaita ndugu yake. Tena ikikunjwa inabaki duara pana kuliko lungo la kupepetea mchele. Mama aliyefunga mtoto mgongoni ataibeba wapi? Na nyingi za namna hiyo zina kitambaa kimoja tu. Pumzi za watu waliolala zinageuka maji kwenye kitambaa, na alfajiri yanaanza kudondoka juu ya blanketi, hata kama nje hakukunyesha.

Kuna ile inayopulizwa kwa pompi. Bei yake ilitutosha kuondoka.

Ya tatu ina mikono ya chuma iliyofungwa pamoja juu, kama mwavuli. Unaivuta, inalia «kwa!», imekaa. Hiyo ilitutamanisha sana, na kwa familia yenye gari tusingesema neno baya juu yake. Lakini ni nzito, mfuko wake ni mrefu, na viungo vyake ni vya plastiki. Kiungo kimoja kikivunjika, mkono mzima umekufa, na hapa kwetu hakuna anayeuza kiungo hicho peke yake.

Tulichukua ya nne, ya vijiti vinavyopindwa, yenye vitambaa viwili. Si ya mbio kuliko zote. Tuliichagua kwa ajili ya jambo moja ambalo tunaomba kila mama alishike kabla ya kutoa franka zake. Katika hema nyingi za vijiti unasimamisha kwanza chumba cha ndani, chenye vyandarua, halafu ndipo unatupa kifuniko cha mvua juu yake. Siku ya jua hakuna shida. Siku ya mvua, chumba kimeshajaa maji wakati bado unatafuta ncha za kifuniko. Katika yetu vijiti vinapita kwenye kitambaa cha nje, na chumba cha ndani kimeshaning’inizwa chini yake, vinasimama pamoja. Kwa hiyo muuzaji akiwaambia «dakika moja», muulizeni: dakika moja ya jua au dakika moja ya mvua?

Soma pia nambari. Penye «watu 4» wamehesabu watu waliolala bega kwa bega kama sambaza kwenye sahani, bila mfuko, bila sufuria. Yetu imeandikwa watu 8, na sisi tulilala 6: wamama 3, watoto 2 na mmoja wa kunyonya. Sakafu yake ni mita 3 kwa 4. Kwa usiku chache inatosha kabisa. Kwa kuishi ni jambo lingine: mashirika ya misaada yanahesabu angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, maana yake kwa mwezi mzima hema hiyo hiyo ni ya watu 3 tu. Nambari nyingine ni ile ya milimita. Inaonyesha urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla ya kuyapitisha. Kitambaa cha 1,500 kinavumilia manyunyu. Kwa mvua zetu za Aprili tafuteni 3,000 kwenye paa, na sakafu izidi hapo, kwa sababu goti la mtu aliyepiga magoti linasukuma maji kuliko mvua yenyewe. Sakafu ipande ukutani kidogo kama beseni, mshono usiwe chini kabisa.

Na mama asiye na uwezo wa hema asijione ameachwa. Shitingi moja nzuri, ile ya mita 4 kwa 5 tunayoijua wote, pamoja na kamba nzuri za mita kumi kumi, inafaa kuliko hema ya bei rahisi inayopasuka usiku wa kwanza. Tungekuwa na franka za kitu kimoja tu, tungenunua shitingi.

Mazoezi tuliyafanyia uani, hapa Goma, juu ya mawe ya volkano. Hapo ndipo utajua kama hema ni ya kwetu. Vile vyuma vidogo vya kushindilia ardhini vilipinda vyote kama misumari ya zamani. Hema isiyoweza kusimama bila kushikwa na ardhi, Goma haina kazi. Yetu inasimama yenyewe, lakini upepo ungeibeba kama puto. Basi tulishona mifuko midogo ya magunia, tukaijaza mawe (mawe hatukosi), tukafunga kila kamba kwenye mfuko wake. Vijiti vyake vinatofautishwa kwa rangi, jambo lisilosaidia mtu gizani. Tulifunga uzi kwenye kila ncha: fundo moja, mafundo mawili, mafundo matatu, hivyo mkono unasoma wenyewe. Mara ya kwanza tulitumia dakika 14 na maneno mengi. Mara ya tano, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akisaidiwa na msichana wa miaka 10, alimaliza kwa dakika 6 saa mbili ya usiku, pamoja na mifuko ya mawe.

Likizo ya Pasaka tukaondoka. Tulitaka kwanza kulala Sake, kwa familia iliyotupokea ile Mei, kuwarudishia asante. Ni kilometa 25 hivi. Unapita Mugunga, unaacha upande wa Lac Vert na Bulengo, na ziwa linatokea na kujificha kushoto kwako. Mawe meusi ya volkano yako pande zote, mengine yameshaota majani na maharagwe katikati ya nyufa. Tulipita polepole safari hii. Mtoto mmoja alionyesha mahali chini ya mti, akasema: «Hapa tulikula muhogo.» Alikuwa na miaka 5 wakati ule, na sisi tulidhani amesahau.

Watoto ndio walioenda kutafuta uwanja wa hema. Walirudi wakishangilia: kibonde kidogo nyuma ya shamba, tambarare, upepo haufiki. Hata kitabu kilichokuja na hema kinaagiza hivyo, tafuta mahali pa chini palipofichwa na upepo. Mama wa nyumba alisikia tu neno «kibonde», akaacha kupeta maharagwe. «Hapo hapana. Hapo mbuzi wangu alilala hakuamka.»

Ndiyo mazuku. Neno tunalijua tangu utoto, lakini wengi wetu wa mjini tunalitaja kama hadithi. Ni hewa ya gesi karboniki inayotoka chini ya ardhi ya volkano, kutoka Goma mpaka Sake, hasa pembeni ya ziwa. Haina rangi, mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, basi inatiririka kama maji na kujaa ndani ya mashimo na vibonde. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu ya gesi, na mtoto anayemshika mkono akawa ndani yake. Aliyelala ndiye wa chini kuliko wote. Usiku na alfajiri ni hatari zaidi, kwa kuwa upepo umetulia. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika, ndiyo maana mchana watoto wanaweza kucheza mahali pale na kurudi wazima.

Mama huyo alitupeleka kutazama kwa mbali, jua bado kali. Nyasi za katikati zilikuwa zimekauka, za pembeni mbichi, na palikuwa na ndege mmoja amekufa. Mahali pengine wataalamu wameweka vibao, lakini shamba la mtu halina kibao. Tulimuuliza juu ya ile desturi ya kushusha kibatari: kikizimika ni mazuku, kikiwaka lala salama. Alikubali nusu. Kikizimika, kimbia. Lakini kikiwaka hakijasema kitu, maana mwali unaweza kuendelea kuwaka katika gesi ambayo tayari inamlevya mtoto. Yeye anachotumaini ni wenyeji: nenda kwa mtu aliyezaliwa pale, muulize mbuzi wake wanalala wapi.

Tulisimamisha hema juu, kwenye mgongo wa ardhi, penye upepo. Usiku ilitingishwa vibaya, mifuko ya mawe ilifanya kazi yake, na koko wa nyumba alicheka asubuhi akisema tulionekana kama kuku kwenye paa. Nasi tungelala hapo hapo tena.

Kutoka Sake tulifika Minova, na kutoka Minova tulivuka kwa mtumbwi wa mota. Kila mtoto alivaa jile kabla ya kuingia, na aliyekuwa hana tulimngojea apewe. Safari ya maji ilikuwa shwari.

Idjwi ni dunia nyingine. Hakuna mawe meusi. Ni udongo mwekundu, milima iliyosimama wima, migomba, kahawa, na mananasi ambayo wanaume wetu huyanunua Goma bila kujua utamu wake shambani. Jioni wavuvi wa sambaza wanaondoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba, na usiku ziwa linajaa taa. Watoto walikaa mlangoni mwa hema wakizihesabu hadi usingizi ukawachukua.

Mvua ilitupata tukiwa bado tunapanda kutoka ziwani. Hapo ndipo tulipojua kama tulichagua vizuri. Tulifunika watoto kwa shitingi, wamama wawili wakaingiza vijiti, wa tatu akavuta kamba, na tulipofungua mlango chumba cha ndani kilikuwa kikavu, ukiacha nyayo zetu. Ardhi ya udongo inapokea vyuma vizuri, lakini ikilowa inaviachia. Tulivishindilia kwa kuviinamisha, kichwa kielekee mbali na hema, tukaweka jiwe juu ya kila kimoja. Shitingi ya chini tuliikunja ili isitokeze nje ya hema hata kidole, kwa sababu inayotokeza inakusanya maji ya paa na kuyaleta chini ya godoro. Tuliepuka njia ya maji ya mlimani, tukaepuka pia kivuli cha mikaratusi, ambayo matawi yake huanguka.

Radi ilipoanza tuliiacha hema, tukaomba hifadhi katika nyumba ya jirani. Hema haizuii radi, na huku kwetu mashariki ya Kongo ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa radi nyingi kuliko zote. Hilo hatukulijadili.

Kupika tulipika nje, chini ya shitingi, hata mvua ikinyesha. Mbabula haiingii hemani, hata makala yakiwa yamebaki mekundu tu, hata kwa ajili ya kumpasha mtoto joto. Kitambaa kinashika moto upesi, na moshi usioonekana wa makala unaua kama mazuku. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya kitenge ilitosha kwa mtoto wa kunyonya.

Kwa sasa hema imeanikwa uani kwa mweka-sanduku wetu, kivulini, maana jua kali linakula kitambaa na unyevu unakiozesha. Kikundi kinachotaka kuiazima kije siku ya posho, saa nne, na wamama wawili ambao ndio watasafiri nayo. Wataisimamisha mara tatu mbele yetu, mara ya tatu wakiwa wamefungwa kitambaa machoni. Mifuko ya magunia tutawapa. Mawe watajaza wenyewe.