Ngama Kwanza

Kazi ya boti niliianza kama mshika tochi. Mzee aliyenifunza, kwenye mkondo wa Mtwapa kaskazini ya Mombasa, alikulia katika mashua za mbao, na hata alipohamia kwenye boti za faibagilasi zinazopeleka wageni kuvua sulisuli na jodari, hakuanza kwa injini hata siku moja. Alifunua kifuniko cha sitaha, akatia mkono ngamani, chini kabisa ya boti yanakokusanyika maji, akanusa vidole. "Ngama kwanza, mwanangu. Injini itangoja." Kwa pua tu alijua kama ni maji ya chumvi, dizeli au petroli, na kila harufu ilimpeleka kwenye kona yake.

Kati ya taruma na taruma mna vijitundu vya kupitisha maji hadi penye pampu. Vikiziba, maji hulala mbele, pampu hukaa kavu nyuma, na mwenye boti hudhani yu salama kwa kuwa haisikii ikilia. Nimevizibua kwa waya maisha yangu yote: magamba ya samaki, vipande vya mshipi, majani ya mikoko. Masika ndiyo mabaya zaidi. Mvua hunyesha usiku kucha, pampu huvuta hadi betri ikaisha, na asubuhi boti imezama penye boya lake bila tundu lolote ubavuni. Wengine huunga swichi ya floti, ile inayoiwasha pampu maji yakipanda, nyuma ya swichi kuu. Wakizima umeme waende nyumbani, wamezima na pampu. Waya wa floti uende moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake.

Wala pampu isiaminiwe kupita kiasi. Iliyoandikwa galoni 2000 kwa saa hutoa takriban lita 125 kwa dakika, tena bila kupandisha maji wala kupitia mpira uliojikunja. Bomba la inchi 2 likikatika futi 1 chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 150 kwa dakika hiyo hiyo. Ndiyo maana nilifunga klipu mbili kila mpira wa chini ya maji, na vali zote nilizifungua na kuzifunga kwa mkono zisishikane kwa chumvi.

Hewa ndiyo iliyonitia hofu kuliko maji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo huteremka ngamani na kutulia huko, na ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche moja inatosha. Mpira wa feni ya kutolea hewa ushuke hadi karibu na chini, juu kidogo ya maji ya kawaida. Ukining'inia juu, huvuta hewa safi na kuuacha mvuke palepale. Feni izunguke dakika 4 kabla ya kuwasha injini. Nami nilikataa katakata kufunga alternata ya gari kwenye chumba cha injini ya petroli, hata mteja aliponionyesha bei. Ya boti imezibwa cheche zisitoke.

Asubuhi moja ya kaskazi wageni walikwisha panda, nahodha kashika ufunguo. Nilikuwa nimeinama tezini nikasikia harufu.

"Nahodha, usiwashe."

"Fundi, maji yanakupwa, na wageni wamelipa."

"Wateremshe wote."

Sikugusa hata feni. Penye petroli yenyewe ngamani, swichi yoyote ni hatari. Tulifunua vifuniko vyote, upepo ukapita. Mpira wa kujazia tangi ulikuwa umepasuka chini ya klipu, pasipofika jicho, na kila tangi lilipojazwa, mafuta yaliteremka ngamani. Safari ile haikufanyika. Nahodha alininunia, lakini tangu siku hiyo hakuwasha injini kabla ya kufunua na kunusa mwenyewe.

Wewe mwenye boti, usimwachie fundi peke yake. Kabla ya masika, funua kila kifuniko, mwaga ndoo ya maji mbele, uone kama yanafika penye pampu. Yasipofika, usiende baharini na watu.