Shangazi Alificha, Dada Alisema

Mwaka 2002, nikiwa darasa la tano, nilipelekwa Tanga wakati wa likizo kumsaidia shangazi yangu, ambaye alikuwa ametoka hospitali. Alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe uliomsumbua kwa damu miaka mingi. Nakumbuka mambo mawili ya likizo ile. La kwanza ni kwamba chetezo hakikupoa: udi ulifukizwa asubuhi, alasiri na usiku, kana kwamba nyumbani mna harusi. La pili ni kanga zilizochanwa vipande, ambazo nilizifua uani na kuzianika mahali ambapo jirani asingeziona. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwamba mtoto hachunguzi mambo ya watu wazima.

Shangazi alikuwa akivuja mkojo. Ulimwanza siku ya tisa baada ya operesheni, ukawa unamtoka usiku na mchana bila ya yeye kuweza kuuzuia. Alidhani hiyo ndiyo hali ya kila mwanamke asiye na kizazi tena. Isitoshe, aliona haya kumweleza jambo hilo daktari aliyekuwa rika la mwanawe. Alikaa hivyo miezi minne. Alipoletwa Dar es Salaam, iligunduliwa kwamba mrija wa mkojo wa upande wa kushoto ulikuwa umejeruhiwa siku ya upasuaji, na figo ya upande huo ilikuwa imekwisha kuharibika. Alirudi Tanga akiwa na figo moja.

Habari hiyo ilinirudia mwaka 2023, wakati dada yangu mkubwa, mama wa watoto wawili, alipoambiwa kwamba naye itambidi atolewe kizazi. Safari hii njia ilikuwa nyingine. Dada angefanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ambao tumbo halipasuliwi kwa mkato mrefu; daktari hupitisha kamera na vyombo vyembamba katika vitundu vichache, akafanya kazi huku akitazama picha kwenye kioo. Kizazi kilitolewa kwa njia hiyo mara ya kwanza mwaka 1988, na daktari Harry Reich, katika mji wa Kingston, Pennsylvania, nchini Marekani. Jeraha lake hupona upesi na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Dada alifurahi. Mimi niliuliza moyoni: je, na ile mirija ya mkojo?

Nilimsindikiza kuonana na daktari bingwa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Baada ya shikamoo na marahaba, alimwuliza dada maswali, na moja lilikuwa hili: "Umewahi kupasuliwa tumbo?"

"La, sijawahi," dada akajibu.

Nilimtazama kwa mshangao. "Dada, na wanao wawili je?"

"Aa, kule ni kuzaa," akasema. "Mimi nilidhani naulizwa habari za ugonjwa."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwanangu," alimwambia, "jibu hilo ni kubwa kuliko unavyofikiri." Ndipo alipochukua karatasi akatuchorea picha.

Kizazi, alisema, hakikai peke yake. Mbele yake kimepakana na kibofu cha mkojo, na kulia na kushoto inapita mirija miwili myembamba inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo. Karibu na shingo ya kizazi, mshipa mkubwa wa damu wa kizazi hupita juu ya mrija huo, kama daraja juu ya mto. Kutoka hapo hadi kwenye shingo ya kizazi ni kiasi cha sentimita mbili tu, nao mshipa huo hauna budi kufungwa na kukatwa ili kizazi kitoke. Daktari akikosea kidogo, hukata au kubana mrija badala ya mshipa. Na mwanamke aliyezaa kwa kupasuliwa, kibofu chake huweza kugandamana na kovu lililo kwenye kizazi, hata kukitenganisha kukawa kazi ya uangalifu mkubwa.

Nilimwuliza kama kamera haiondoi hatari hiyo. Alijibu kwamba kamera hukuza picha na humsaidia sana mwenye ujuzi, lakini njia hii ina hatari yake: vyombo vyake hukata na kuzuia damu kwa joto la umeme, na joto husambaa. Mrija ulioungua leo huweza kuonekana mzima, ukaja kutoboka baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili. Majeraha ya namna hii si mengi. Wanaoyapata ni kama mwanamke mmoja hivi katika kila mia. Hata hivyo, kwa huyo mmoja, aliongeza, hesabu ya mia haina maana.

Alitueleza jinsi yanavyokingwa. Kwanza, kibofu humwagwa kwa mpira wa mkojo ili kinywee, kisikae njiani. Pili, kizazi husukumwa juu kwa chombo maalumu kinachopitishwa ukeni, na hivyo sehemu ya kukata husogea mbali na mirija. Tatu, kibofu hubanduliwa taratibu na kuteremshwa kabla ya kukata. Nne, daktari huutafuta mrija kwa macho. Huutambua kwa jinsi unavyojinyonga kama mnyoo unapopitisha mkojo. Joto hutumiwa kidogo, tena mbali nao. Mwishoni, kamera nyembamba huweza kuingizwa ndani ya kibofu ili kuhakikisha kwamba kila mrija unamwaga mkojo. Uchunguzi huu ni msaada mkubwa, ingawa hauonyeshi kila mahali palipoungua.

Siku ya operesheni tulikaa nje tangu asubuhi, shemeji na mimi, tusizungumze. Daktari alipotoka alitwambia bila ya kuficha: kibofu kilikuwa kimeshikamana na kovu, na wakati wa kukibandua kilipata tundu dogo. Lakini alikuwa amekwisha kujiandaa kulikuta kovu hilo, akaliona tundu papo hapo na kulishona. Dada alirudi nyumbani na mpira wa mkojo, akakaa nao siku kumi. Ulipotolewa alikwenda haja mwenyewe, akatoka chooni akicheka kama mtoto.

Shangazi alikuja kumjulia hali. Aliutazama mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia wazi kando ya kitanda, mbele ya wageni, asiseme neno kwa muda. Kisha alisema, "Mimi nilifukiza udi."

Ndugu msomaji, jeraha la dada na la shangazi ni ya jamii moja. Lililotofautisha hatima zao ni kwamba moja lilionekana mapema na jingine lilifichwa. Kwa hiyo, mama atakayetolewa kizazi na ataje kila kovu la tumbo lake, la uzazi likiwa la kwanza. Na aulize bila woga: "Daktari, utailindaje mirija yangu ya mkojo, na utahakikishaje kabla ya kumaliza?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Akisharudi nyumbani, jamaa wamwangalie kwa wiki mbili za mwanzo na zaidi. Homa, maumivu ya ubavuni au mgongoni, tumbo kujaa, mkojo kuwa haba au wenye damu, na hasa majimaji yanayotoka ukeni bila kukoma, ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Hata aliyechelewa asikate tamaa, kwani fistula hutibika. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo kwa miaka mingi.

Nanyi akina baba, mkiona udi unafukizwa mchana kutwa katika nyumba ya mgonjwa, msisifu harufu yake. Ulizeni kwa upole kuna nini.