Anunuaye Nyumba ya Mteremkoni

Watu wengi waendapo kutazama nyumba ya kununua, macho yao huenda kwanza paani, kisha ukutani, kisha mlangoni. Udongo hautazamwi, kwa maana umelala chini ya miguu. Lakini nyumba ya mteremkoni haiuzwi peke yake: huuzwa pamoja na maji yaishukiayo, na jirani akaaye chini yake.

Karani mmoja wa Machakos, aliyekuwa amepanga chumba mjini miaka kumi na minne, alipata nyumba ya mawe yenye bustani katika vilima vya Iveti. Aliipenda mara moja, kwa kuwa asimamaye barazani huuona mji wote chini. Mambo ya sheria aliyafuata barabara. Aliichunguza hati katika ofisi ya ardhi, na kwa kuwa mahali pale ni pa kilimo, yeye na mwenye kuuza waliomba idhini ya Bodi ya Ardhi, kama itakavyo Sheria ya 1967.

Mkewe hakutazama mji. Alishuka bustanini, akaona mahindi ya chini ni marefu na mabichi, na ya juu ni mafupi na ya manjano. Mizizi ya mwembe nayo imeachwa wazi.

“Baba watoto,” akasema, “shamba hili linahama. Mbolea yetu itakuwa ya jirani.”

Jirani mwenyewe, bibi kizee, alisema, “Wanangu, mvua za Novemba huniletea mchanga hata mlangoni pa jiko. Nilimwambia aliyewatangulia, akanijibu kwamba mvua ni ya Mungu.”

Baada ya kulipa, fedha zilizobaki zilitosha jambo moja tu. Mume alitaka lango la chuma, wageni wapate kujua wamefika kwa nani. Mke alitaka matuta. Walishindana jioni nyingi.

Si ajabu mume kuyachelea matuta, kwani nchi ile ina historia yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliandika sana habari za mmomonyoko wa udongo Machakos, ikaamuru ng'ombe wapunguzwe. Mwaka 1938 Wakamba wengi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kukataa jambo hilo. Matuta pia yalichukiwa yalipochimbwa kwa kulazimishwa. Lakini baadaye watu waliyachimba kwa hiari, wakiona kwamba mavuno ni yao wenyewe, na vilima vilivyodhaniwa vimekufa vikalisha watu wengi kuliko zamani. Kazi iliyochukiwa ilipokuwa amri ilipendwa ilipokuwa ya mwenye shamba.

Basi mke akashinda. Walifunga miti mitatu mfano wa herufi A, wakaning'iniza jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Uzi ulipogusa alama ya katikati ya mti wa kukingama, walijua miguu miwili imesimama sawasawa, wakapiga kigingi, wakasonga mbele. Kwa njia hiyo walipata mistari iliyokata mteremko bila kupanda wala kushuka. Ndipo wakachimba mitaro, wakitupa udongo upande wa juu. Ndiyo maana matuta hayo huitwa fanya juu. Juu ya kila tuta walipanda nyasi za nepia, zishike udongo na kulisha ng'ombe.

Wala hawakuyaacha maji yatakayozidi yaende yatakako. Walikaa na bibi yule, wakakubaliana njia moja yenye nyasi, ipitayo mpakani mpaka bondeni.

Mvua ya Novemba iliyofuata ilikuwa kubwa. Asubuhi mitaro ilikuwa imejaa udongo mwekundu uliokuwa njiani kuondoka, na mlango wa jiko la bibi ulikuwa safi. Lango la nyumba hata leo ni la miti, na wageni hawajapotea.

Atakaye kununua mteremkoni na aende siku ya mvua, asiende siku ya jua. Na kabla ya kumwuliza mwenye nyumba bei, na amwulize akaaye chini yake.