Ufunguo wa motari mkononi mwa polisi

Bunia, kando ya soko kuu, saa tatu ya asubuhi. Motari mmoja anasimamisha pikipiki kwenye boulevard de Libération ili mama mwenye gunia la maharagwe ashuke. Mama hajakanyaga chini bado, na tayari mkono wa polisi wa barabarani umechomoa ufunguo.

"Hapa hapasimamwi."

"Mukubwa, ninashusha mama tu."

"Hata wale wengine wote wanashusha tu."

Na kweli, ukitazama nyuma yake utaona jambo ambalo polisi huyo analiona tangu mapambazuko. Pikipiki kumi au kumi na tano zimekaa mustari mbili, wauza nyanya wametandika magunia hadi kwenye lami, na lori kutoka upande wa Mahagi linashusha bidhaa katikati ya mchana kama vile barabara ni depo. Malori mengine yametoka Uganda, usukani uko kuume, na huku kwetu watu hupita kuume. Dereva wa namna hiyo haoni vizuri anayetokea kushoto kwake. Mtoto wa shule akitaka kuvuka, anapita katikati ya hayo yote. Kwa hiyo polisi hakukosea kusema pikipiki iondoke.

Shida inaanza na ufunguo.

Motari huyo anakaa Kigonze, katika kambi la waliokimbia vita. Alikuwa mkulima huko Djugu mpaka vita viliporudi mwisho wa mwaka 2017. Pikipiki si yake. Kila jioni anapaswa kumpelekea mwenyewe pesa waliyopatana, awe amepata wateja au hakupata. Ufunguo ukichukuliwa saa tatu na kurudishwa saa nane, siku imekufa, na deni linalala naye katika hema pamoja na mke na watoto.

Ndiyo maana hakubisha. Aliingiza mkono mfukoni, akakunja noti, akaipitisha kama mtu anayesalimia. Hakuuliza kosa lake linaitwaje. Hakuuliza karatasi. Ufunguo ukarudi, na pikipiki ikabaki palepale kwa dakika tano nyingine, sababu mama alikuwa bado anatafuta chenji. Hapo ndipo mtu aliyekuwa akitazama angeweza kucheka, kama jambo lenyewe lisingekuwa la uchungu: njia ilikuwa imefungwa kabla ya pesa, na ilibaki imefungwa baada ya pesa.

Congo ina sheria ya barabara, namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Sheria hiyo inakataza kusimama mahali unapowazibia wengine njia. Lakini faini ni pesa ya serikali. Aliyekosa anaandikiwa kosa lake, analipa, anapewa karatasi ya malipo. Na faini ya kosa si kitu kimoja na kodi ya kuegesha ambayo watu wa mji huja kudai kwa tikiti ndogo. Wamotari wengi huchanganya vitu hivyo viwili, na wako watu ambao mchanganyiko huo unawafaa sana.

Mtu wa mjini anaweza kusema: basi aulize karatasi! Ni rahisi kusema. Mtu aliyepita njia za Djugu akiwa na godoro kichwani amezoea vizuizi, kamba moja imefungwa kati ya miti miwili, na kila kamba ina mwenyewe. Kule, anayeuliza maswali hachelewi kujuta. Akifika mjini, anaona mtu mwenye vazi la kazi, filimbi na mkono ulionyooshwa, na mwili wake unakumbuka kamba. Tangu état de siège ianze Ituri tarehe 6 mwezi wa tano 2021, mavazi ya serikali yameongezeka mjini, na si kila mmoja anajua nani ana haki ya kumsimamisha nani.

Polisi naye ni baba wa watu. Anasimama juani, anameza vumbi, mvua ikinyesha anajibanza chini ya bati la duka. Mshahara wake ni mdogo, na mara nyingi unachelewa. Kinshasa, mwaka 2013, waliweka roboti kwenye njia panda, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi, na watu walizisifu kwa sababu roboti haiombi pesa ya chai. Lakini roboti haina mtoto anayefukuzwa shuleni.

Jambo moja tu halina maelezo. Mita chache kutoka pale, jeep yenye vioo vyeusi ilikuwa imesimama upande huo huo wa barabara, nusu yake ndani ya lami. Polisi aliipita mara mbili. Hakunyoosha mkono.

Kesho yake motari alirudi na mteja mwingine, mama mzee mwenye kikapu cha sombe. Safari hii alisimama mbali, ng'ambo ya malori, pasipo polisi. Mama akauliza kwa nini anaachwa huku wakati soko liko kule.

"Nisamehe, mama. Kule ni bei."

Mzee akainua kikapu kichwani, akaanza kutembea kati ya malori.