Sindano ya kila wiki nne kwa mtoto asiyekaa mahali pamoja

Katika kambi, ugonjwa wa koo hauombi ruhusa. Mtoto mmoja akianza kulia koo leo, kesho kutwa ni mdogo wake, na kabla ya juma kwisha ni watoto wa hema ya jirani. Kila mama aliyelala Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya anajua jambo hilo bila kufundishwa na mtu. Watu saba au wanane chini ya turubai moja wanapumua hewa moja na kunywea kikombe kimoja.

Kwa kawaida mtoto hupewa maji ya moto yenye chumvi, au kidonge cha parasetamoli kama kipo. Baada ya siku tatu au nne anarudi kucheza na mambo yanasahaulika. Wengine humpeleka kwa mtu wa kukata kilimi kwa wembe. Hiyo humwaga damu ya mtoto bure, kwa sababu mikrobe yenyewe haikai kwenye kilimi tu, na wembe haujawahi kuua mikrobe.

Mara nyingi koo hilo ni la mafua ya kawaida na linapona lenyewe. Lakini kuna koo jingine. Mtoto ana homa kali, kumeza kunamuuma sana, shingo ina vinundu vinavyouma ukivigusa, na hakohoi wala hana kamasi. Hapo inawezekana ni mikrobe iitwayo streptokoki. Nayo koo likipona haijamaliza kazi yake kila mara. Wiki mbili au tatu baadaye, kinga ya mwili wa mtoto, ambayo ilijifunza kupigana na mikrobe hiyo, inakosea adui na kuanza kuushambulia mwili wenyewe. Goti linavimba, kesho ni kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Wauguzi huandika RAA kwenye fishi, kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ni homa ya baridi yabisi. Kuna watoto ambao mikono na uso vinaanza kuchezacheza bila wao kutaka, wanaangusha sahani, wanashindwa kuandika shuleni. Hao ndio wanaopelekwa kuombewa pepo litoke, na huku ni ugonjwa ule ule.

Maumivu ya viungo huondoka. Kinachoweza kubaki ni jeraha la moyo. Moyo una milango midogo, vali, inayofunguka na kufunga kila damu inapopita. Homa hiyo ikirudi mara mbili, mara tatu, vali zinakuwa ngumu na kukunjamana. Nyingine hazifungi tena sawasawa, nyingine hazifunguki. Na haya yanaendelea kwa miaka bila mtoto kulalamika. Anabeba bido ya maji, anakimbia na wenzake, na mashavu yake hayana dalili yoyote.

Kisha mtoto wa kike anakua, anaolewa, anapata mimba. Mimba huongeza damu mwilini, na moyo wenye vali mbovu hauwezi kuisukuma yote. Mwezi wa saba hivi anaanza kuhema akipanda kilima kidogo, anashindwa kulala chali, usiku anakaa wima ili apate pumzi. Majirani wanasema ni mimba nzito, au amerogwa. Katika uchunguzi mkubwa ulioitwa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemeni, theluthi mbili ya wagonjwa walikuwa wanawake, na nusu ya wagonjwa wote hawakuwa wamezidi miaka 28. Ni ugonjwa unaowachukua watu ambao ndio kwanza wana watoto wa kulea.

Kongo haikosi ugonjwa huu. Mwaka 1998 madaktari wa Kinshasa walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wapatao 4,800 wa mji huo. Walikuta ugonjwa wa vali kwa watoto kama 14 katika kila 1,000. Lakini hesabu hiyo inaficha kitu. Katika shule za vitongoji vyenye msongamano walikuwa 22 kwa kila 1,000, na katika shule za mitaa yenye nafasi walikuwa 4. Mji ni uleule na hali ya hewa ni ileile. Tofauti ni idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Mtu akiisoma hesabu hiyo na kuifikiria kambi, hahitaji profesa wa kumfafanulia.

Swali la watafiti likawa hili: je, mtoto huyo anaweza kupatikana mapema, kabla hajaanza kuhema? Kifaa cha kusikilizia kifua hakitoshi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Kambodia na Msumbiji. Huko Msumbiji watoto 2,170 walisikilizwa vifua na ugonjwa ukathibitika kwa 5. Walipopimwa watoto hao hao kwa ekografi ya moyo, wakapatikana 66. Yaani masikio ya daktari yaliwapita zaidi ya watoto kumi kati ya kila kumi na mmoja. Ekografi hiyo ni ndugu ya ile ambayo akina mama wajawazito wanaifahamu. Haichomi, haitoi damu, ni mafuta kidogo kifuani na picha kwenye kioo.

Lakini kumpata mtoto si kumtibu. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe hawakukubaliana: mtoto ambaye ekografi imeonyesha alama ndogo tu, na hana dalili yoyote, adungwe sindano za miaka au aachwe? Jibu likatoka jirani, Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Gulu si jina geni kwa masikio ya Wakongomani. Ndiko vita vya Joseph Kony na kundi lake la LRA viliwasukuma karibu watu wote wa vijijini kwenye kambi, kabla ya kundi hilo kuvuka na kujificha katika misitu ya Garamba, ambako raia wa Haut-Uélé nao walionjeshwa. Mwaka 2018, vita vikiwa vimetulia huko, watafiti wa Uganda na wenzao wa nje, wakiongozwa na Andrea Beaton na Emmy Okello, walipima kwa ekografi watoto 102,200 wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Wakubwa kati yao walikuwa watoto wadogo wakati wazazi wao wakiishi kambini.

Kati ya hao, 818 waliokutwa na ugonjwa wa mwanzo waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata sindano ya benzathini penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kundi la pili halikudungwa, lilifuatiliwa tu. Mwishoni, madaktari wasiojua nani alidungwa na nani hakudungwa waliangalia picha za moyo. Matokeo yalitoka Novemba 2021. Kati ya watoto 399 waliodungwa, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 3. Kati ya 400 ambao hawakudungwa, ulikuwa umesonga mbele kwa 33.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana hesabu hiyo ina pande mbili. Hata bila sindano, watoto wengi hawakuharibikiwa katika miaka ile miwili. Kwa hesabu ya watafiti, inabidi kudunga watoto 13 kwa miaka miwili ili kumkinga mmoja. Ni sindano 26 kwa kila mtoto, sindano 338 kwa wote. Na sindano hiyo, nyeupe kama maziwa, inaingia polepole kwenye msuli na kuuma vibaya. Mtoto anaweza kuchechemea siku nzima. Mama ana haki ya kuuliza kama inafaa.

Inafaa, na sababu iko upande wa pili wa ugonjwa. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Vali ikishaharibika kabisa, dawa iliyobaki ni kupasua moyo, na hilo familia ya Masisi au Rutshuru haliwezi. Kuna hospitali ya Salam huko Khartoum, iliyofunguliwa mwaka 2007 na shirika la Kiitalia Emergency, ambayo ilipasua bure wagonjwa wa moyo kutoka nchi nyingi za Afrika. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, kazi hiyo ikavurugika. Na hata aliyepasuliwa na kuwekewa vali ya chuma hajamaliza: atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara ili isizidi wala isipungue. Utafiti mwingine mkubwa, uliotangazwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 4,531 wa nchi 24, uliwaangalia wagonjwa wa vali ambao moyo umepoteza mpigo wake. Walitaka kujua kama dawa mpya isiyohitaji kupimwa damu ingechukua nafasi ya ile ya zamani. Haikuweza, waliotumia ya zamani walikufa wachache zaidi.

Kwa hiyo kila njia inaishia kwenye kalenda. Na hapo ndipo utafiti wa Gulu na maisha ya Kivu vinapoachana. Watoto wa Gulu walipata karibu sindano zao zote kwa sababu walikuwa na makwao, na watu wa utafiti walijua wapi pa kuwakuta. Chukua mtoto wa Bulengo ambaye tarehe yake iliangukia katikati ya Februari 2025. Wiki hiyo kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wakafunga magodoro, wakashika barabara za Sake na Rutshuru. Muuguzi aliyekuwa na daftari lenye jina la mtoto alibaki upande mmoja, mtoto akaenda upande mwingine. Hakuna utafiti uliopima sindano hiyo kwa mtoto aliyehama mara nne katika miaka miwili, na mtoto huyo ndiye anayehitaji kujibiwa.

Kuna jambo la kusema kwa mashirika pia. Mashine za ekografi siku hizi ni ndogo, nyingine zinashikwa mkononi, na uchunguzi uliofanywa Gulu hiyo hiyo ulionyesha kwamba wauguzi waliofundishwa wanaweza kuwagundua karibu robo tatu ya wagonjwa. Ni habari njema. Lakini kuja na mashine, kupima watoto elfu moja, kumwambia mama kwamba moyo wa mwanawe una kasoro, kisha kuondoka bila kuacha sindano ya mwezi ujao, ni kumpa mama hofu na kumnyima dawa. Afadhali kuanza na dawa kwenye kituo cha afya na mtu wa kuidunga, halafu mashine ije.

Wakati hayo yanasubiriwa, koo lenyewe linatibika. Mtoto mwenye dalili zile za homa na vinundu vya shingo akifika kituoni na kupewa penisilini au amoksisilini ndani ya siku tisa tangu koo lianze, homa ya baridi yabisi inaweza kuzuiwa. Amoksisilini inamezwa siku kumi kamili, si siku tatu na kumwekea mdogo wake iliyobaki. Na sindano ya penisilini ichomwe kituoni, si kwa muuza dawa wa barabarani, kwa sababu wachache mwili wao unaikataa kwa ghafla na lazima awepo wa kuwasaidia. Aliye na vali zilizoharibika sana, mwenye kuhema na kuvimba miguu, amwambie daktari hali hiyo kabla ya kuchomwa. Kwake mara nyingine vidonge ni salama zaidi.

Kwa mtoto ambaye tayari ameanza sindano, wiki nne ni siku 28, kwa hiyo tarehe haiachi siku yake ya juma. Iliyoanza Jumanne itakuwa Jumanne daima, kila Jumanne ya nne. Hata bibi asiyesoma anaweza kuihesabu kwa siku za soko. Fishi ikae pamoja na karti ya kura na vitu vingine ambavyo mtu hushika kwanza akikimbia, na picha yake iwe kwenye simu ya shangazi aliye mji mwingine. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kuyasema mwenyewe, maana katika kukimbia watoto hupotezana na wazazi.

Tarehe ikipita, sindano ichomwe siku ya kwanza inayowezekana, na hesabu iendelee kutoka hapo. Kukosa moja si sababu ya kuacha zote. Sindano isipopatikana kabisa, kuna penisilini ya vidonge, mara mbili kila siku, ambayo haina nguvu sawa lakini inashinda kukaa bure. Familia ikifika mahali papya huuliza kwanza maji yako wapi, chifu ni nani, nani anaandikisha majina. RECO wa mtaa yuko kwenye orodha hiyo. Muuguzi atakayempokea mtoto atataka kujua jina la dawa, kipimo, na siku aliyochomwa mara ya mwisho: uniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 30 na zaidi, uniti 600,000 kwa aliye chini ya hapo.